Kiganja cha Shemeji

Nianze na mikono yake, maana balaa lote lililotupata lilipitia humo. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ana mikono isiyofanana na mwili wake. Mwili ni wa mtu mzito: tumbo limetangulia, shingo fupi, akikaa kwenye kiti cha cherehani unakihurumia kiti. Lakini vidole ni virefu na vyembamba, utadhani aliviazima kwa mtu akasahau kurudisha. Kwa vidole hivyo ameshona makoti tangu ujana wake, na kwa vidole hivyo hivyo alikuwa akiwafanyia wateja kiinimacho cha kifungo.

Watu walidhani ni mzaha wa fundi mcheshi. Ilikuwa sehemu ya kazi. Mtu akisimama kupimwa koti hukakamaa. Anavuta pumzi, anainua mabega, anataka aonekane kama alivyokuwa zamani. Ukimshona hivyo, siku ya kuvaa akipumua tu koti linampanda shingoni, na lawama zote kwa fundi. Kwa hiyo Shemeji alikuwa akichukua kifungo kwenye mkebe, anakiweka kwenye kiganja cha mteja, anamfumba vidole kimoja kimoja, anamwambia akaze.

"Umekaza?"

"Nimekaza."

"Fumbua basi."

Mtu anafumbua, hamna kitu. Kifungo kinakuja kutolewa nyuma ya kola yake mwenyewe. Mteja anacheka, akicheka mabega yanashuka, na hapo hapo Shemeji anabana pini mahali panapostahili.

Kifungo hakukipata siku moja. Alianza na sarafu, akaiacha, kwa sababu mtu akiona hela imepotea hacheki, anakukazia macho. Akajaribu chaki ya kuchorea vitambaa, ikamchafua vidole ikamtoa siri. Akajaribu pini, na hiyo sitaieleza, niseme tu alikaa na plasta kidoleni muda mrefu. Mwisho akaja kwenye kifungo. "Kifungo hakina mwenyewe," aliniambia. "Kikipotea hakuna anayeumia. Ndiyo maana watu wanacheka."

Aliyempasisha alikuwa Dada. Jioni Dada akichambua mchele, Shemeji anakaa mbele yake anafanya mchezo wake, na Dada bila hata kuacha kuchambua anasema, "Nimekuona." Anarudia. "Nimekuona." Mpaka siku Dada aliposema, "Hebu rudia," ndipo kifungo kikahamia kwenye karakana. Katika ndoa yao hayo ndiyo yalikuwa mapenzi, na mimi niliyehamia kwao baada ya yangu kuvunjika nilikuwa nawaonea wivu, nasema wazi.

Karakana yetu ni chumba kimoja: cherehani mbili, meza ya pasi, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na pazia la kubadilishia nguo. Mimi kazi yangu ni kukunja mapindo, kutoboa vitundu vya vifungo na kumalizia kwa mkono. Ukuta wa kushoto ni wa mbao nyembamba, na nyuma yake yupo Kinyozi, mtu mwema lakini mdomo haujui kupumzika. Ukipiga chafya kwetu, Kinyozi anakutakia afya, kisha anakwenda kutangaza mtaa mzima kwamba unaumwa.

Mwalimu alikuja kushona koti la kuvaa kwenye harusi ya mjukuu wake. Alikuwa mkuu wa shule ya wasichana mpaka alipostaafu, na nusu ya wanawake wa mji huu, mimi nikiwemo, walipita mikononi mwake. Mpaka leo nikimwona naficha mikono nyuma nisikaguliwe kucha. Kustaafu hakukumkalisha. Kila alasiri alikuwa akiwafundisha watu wazima kusoma kwenye kibaraza chake, wauza mboga, walinzi, na mtu akisinzia alikuwa anampigia meza kwa rula. Tangu mumewe afariki alikuwa amekonda, na pete yake ya ndoa ilikuwa ikicheza kidoleni.

Siku ya kujaribisha, koti lilikuwa bado nusu. Bitana ilikuwa imeshikizwa kwa nyuzi za muda tu, na begani ilikuwa wazi kabisa, ikisubiri kufungwa kwa sindano ya mkono. Mwalimu alipoingiza mkono, ukapotea njia ukapita kati ya kitambaa na bitana, kama inavyomtokea kila mtu kwenye koti ambalo halijakwisha. Shemeji akamsaidia kuutoa na kuuelekeza. Kisha, kwa kuwa Mwalimu alikuwa amesimama wima kama yuko mbele ya gwaride, akamfanyia kifungo.

"Fundi, mimi si mtoto," Mwalimu akasema, lakini akakaza kiganja. Alipofumbua na kukuta hamna kitu, akacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona Mwalimu akicheka. Shemeji akabana pini zake haraka haraka kabla kicheko hakijaisha.

Tulimvua koti, akavaa nguo zake, akachukua mkoba. Akiwa mlangoni akautazama mkono wake.

"Na pete?" akasema.

Sote tukacheka. Kinyozi, ambaye alikuwa ameshafika mlangoni kwa sababu alisikia kicheko, ndiye aliyecheka zaidi. "Leo Fundi amezidisha! Irudishe bwana, Mwalimu anataka kwenda." Mwalimu mwenyewe alikuwa bado na tabasamu, amenyoosha mkono, anangoja itolewe nyuma ya sikio. Shemeji naye alikuwa anatabasamu. Kisha akaacha.

"Mimi sina pete yako, Mwalimu."

Tukacheka tena, kidogo. Kinyozi akasema, "Tumeshaelewa, toa." Shemeji akaonyesha viganja vyote viwili, vitupu, na hapo ndipo ilipoharibika, kwa sababu kila mtu mle ndani alikuwa amemwona akionyesha viganja vitupu mara nyingi, na kila mara vilikuwa vinadanganya.

Tulipindua mkebe wa vifungo. Tulisogeza cherehani, tukafagia, tukakung'uta pazia, tukakung'uta koti na kupekua mifuko yake. Mwalimu alimwaga mkoba wake juu ya meza ya pasi, akapekua kitu kimoja kimoja. Hamna. Akamtazama Shemeji kwa lile jicho la ofisini kwake.

"Umenishika mkono huu. Nitakuja kuchukua koti langu. Siku hiyo nataka pete yangu. Nikiikosa nitakwenda polisi, na sitapenda kufanya hivyo."

Siku zilizofuata sitaki kuzikumbuka, lakini ndizo ninazosimulia. Kinyozi hakusema uongo, na hilo ndilo lililotuumiza. Alieleza alichokiona: Fundi alimshika mkono, akafanya mchezo, pete ikapotea. Watu wakamalizia wenyewe. Waliokuja kupimwa walikuwa wanaficha mikono. Mmoja akatania, "Fundi, usinishike hapa, nina saa," na Shemeji akacheka naye, kicheko cha kumtia mtu huruma. Wengine walikuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijaguswa, eti wamebadili mawazo.

Nyumbani Dada alimuuliza mara moja tu. "Niambie ukinitazama." Akamtazama, akasema hakuichukua. Dada akasema, "Basi," akaenda kupika. Angekuwa mke mwingine, angeuliza kila asubuhi. Lakini nilimwona amekaa na sinia la mchele jioni, anachambua mchele ambao ulishachambuliwa.

Pete ilionekana kwa pasi. Shemeji alikuwa anapiga pasi bega la koti la Mwalimu kwa mara ya mwisho, mimi niko mkabala naye natoboa kitundu, na sote wawili tukasikia pasi imegonga kitu. Mlio mdogo, wa chuma juu ya chuma. Akainua pasi. Akabonyeza bega kwa kidole gumba, akabonyeza tena. Kisha akakaa, akachukua wembe, akafumua mishono yake mwenyewe begani, na ndani, imezama kwenye pamba ya bega, ilikuwepo pete.

Ilichomoka kidoleni ule mkono ulipopotea njia. Ikabaki kati ya kitambaa na bitana, ikanasa kwenye pamba, na jioni ile ile Shemeji akaifungia ndani kwa sindano ya mkono. Alikuwa na hasira, aliniambia, alikuwa anashona bila kutazama, mawazo yote yako kwenye hiyo hiyo pete.

Mimi nililia kwa furaha. "Twende kwake sasa hivi!"

"Twende tukamwambie nini?"

"Kwamba ilikuwa kwenye bega la koti."

"Imefungiwa kwa mishono ya nani?"

Kila mtu anaijua mishono ya Shemeji, midogo na imelala sawasawa. Pete imepatikana ndani ya koti, chini ya mishono ya mtu aliyetuhumiwa kuiba, na aliyeipata ni huyo huyo, na shahidi ni shemeji yake anayelala kwake na kula kwake. Hata mimi nisingeamini. Lakini mimi ni mtu wa hasira, nikamwambia ukweli ni ukweli, auseme halafu liwalo na liwe. Akasema kwangu ni rahisi kusema hivyo, si mimi nitakayefungwa.

Kisha nikamwona anaanza kuwaza kwa vidole. Pete ikawa inapita kidole hadi kidole, inazama, inatokea. Alikuwa anachagua. Kuitoa nyuma ya sikio la Mwalimu kama mzaha haiwezekani, mzaha gani unamliza mtu siku zote hizo. Mimi niiokote nikifagia nayo haiwezekani, sakafu tulishaikagua mbele ya watu, na lawama ingehamia kwangu. "Lazima aipate mwenyewe," akasema. "Kwa mkono wake. Mahali pake."

Na mahali alishapaona, kwa jicho la fundi, siku ile ile Mwalimu alipomwaga mkoba mezani: bitana ya mkoba ilikuwa imechanika kwenye kona.

Mwalimu alikuja asubuhi. Kinyozi alimwona akipita, akaacha kunyoa akaja, na wateja wake wawili watatu nyuma yake, povu usoni. Mwalimu alivaa koti mbele ya kioo. Lilimkaa vizuri mno.

"Mwalimu," Shemeji akasema, "kabla hujanipeleka unakonipeleka, naomba nikuonyeshe kilichotokea siku ile. Mchezo ni huu tu, sina mwingine." Akachukua kifungo. Nikajua ameanza.

Mwalimu alikuwa na mkoba mkononi, mdomo wa mkoba wazi kidogo. Shemeji akaweka kifungo kwenye kiganja chake cha kulia, akamfumba vidole, akamwambia akaze. Macho yote yakaenda kwenye ngumi ya Mwalimu, yangu pia, ingawa nilijua. Alipofumbua, hamna kitu. Shemeji akakitoa kifungo nyuma ya kola, akakiweka mezani. "Ni hivyo tu. Kifungo kinakwenda na kinarudi. Pete sikuigusa." Hakuna aliyecheka.

Akaacha muda upite kidogo, akamkunjia nguo aliyoivua kujaribu koti, akazungumza habari za harusi. Baadaye kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema, "Huo mkoba bitana yake imechanika, Mwalimu. Mwachie shemeji yangu aishone, ni dakika. Toa vitu, angalia kona kama hakuna kilichozama." Na Mwalimu akatoa vitu, akapitisha vidole kwenye ule mpasuko, akafika chini kabisa.

Nilimwona usoni vidole vilipogusa.

Kinyozi alipiga kelele kama timu yake imefunga bao. Wateja wenye povu walipiga makofi. Mwalimu alikaa kwenye kiti changu, pete ikiwa kiganjani, na hakuivaa.

"Niliangalia humu," akasema taratibu. "Niliangalia humu mwenyewe, hapa, na nyumbani nikaangalia tena. Nilipitisha mkono kona zote." Kisha akasimama, akamgeukia Shemeji, na mbele ya Kinyozi na watu wake akamwomba radhi. Alisema neno kwa neno, kama anavyotaka wanafunzi waombe radhi, bila kujitetea. Shemeji akawa anasema, hapana Mwalimu, yameisha Mwalimu, basi Mwalimu. Mwalimu alipokuwa anatoka nilimsikia akisema, si kwetu, kwa mlango labda: "Mama yangu naye alianza hivi hivi."

Shemeji alikuwa ananyoosha uzi kwenye cherehani. Hakuinua kichwa, lakini uzi ulimkatikia.

Nyumbani ilikuwa sherehe. Dada alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja, akawasimulia hadithi ya Kinyozi na kuongeza chumvi yake. Wateja walirudi, baadhi na aibu, baadhi bila hata aibu. Shemeji alishona, alikula kidogo, alinyamaza. Dada akasema ni uchovu wa mawazo, utaisha. Mimi nilikuwa najua, na nilikuwa namkasirikia kwa kunifanya nijue.

Habari za Mwalimu zililetwa na Kinyozi kupitia ukutani, kama zote. Mwalimu hafundishi tena. Wale wauza mboga walikuta kibaraza kitupu, akawaambia atakuja kuwafundisha vibaya, kichwa kimeanza kumchezea. Funguo za nyumba amempa binti yake. Binti anataka kumhamisha, kile kichumba cha nyuma kwake kinapakwa rangi. "Kuzeeka bwana," Kinyozi akasema, huku mkasi wake unalia. "Mtu alikuwa kichwa kama kile!"

Shemeji alisimamisha cherehani. Akakaa hivyo, mguu juu ya kanyagio, kitambaa nusu chini ya sindano.

Jioni hiyo ndipo alipomweleza Dada yote, na kwamba anataka kwenda kumwambia Mwalimu ukweli. Nilidhani Dada angekasirikia ile nia yake ya kwenda kwa Mwalimu, na kweli aliikasirikia. "Jina letu limesafishwa, wewe unataka kujipaka tope mwenyewe? Watasema ulikuwa nayo! Na ulikuwa nayo!" Lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa hicho. Alimtazama muda mrefu. "Mimi ndiye ninayekuona," akasema. "Siku zote nakuona. Hili umenifanyia na mimi, nikapiga vigelegele mbele ya watu." Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Basi tukaenda wawili, mimi na yeye. Njiani nilimwomba asiende. Mimi, niliyemwambia aseme ukweli liwalo na liwe! Aliponikumbusha maneno yangu nilimwambia anyamaze.

Tulimkuta Mwalimu jikoni, amesimama mbele ya jiko, anaitazama birika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mtanisamehe, siwezi kuja kukaa nanyi. Nikiondoka hapa naweza kusahau nimewasha moto." Nilitazama huku na huku. Kwenye kona kulikuwa na maboksi, vitabu vimeshafungwa kwa kamba. Rula yake ilikuwa juu kabisa.

Shemeji hakuzunguka. Akasema, "Mwalimu, hukusahau kitu. Pete haikuwa kwenye mkoba. Niliitia mimi."

Mwalimu hakugeuka. "Fundi, usinionee huruma. Niliitoa mwenyewe."

"Naomba mkoba."

Mkoba ulikuwa juu ya maboksi. Niliuleta. Shemeji akatoa kifungo mfukoni, na kingine badala ya pete, na mbele ya lile jiko akafanya mchezo wake polepole, kama mtu anayejivua nguo. Hiki ndicho kidole kinachoshikilia. Hapa ndipo ulipokuwa unatazama ngumi yako. Na hapa, wakati unatazama, mkono huu ulikuwa huku. Kifungo cha pili kikaanguka kwenye mpasuko wa bitana, ambao hatukuwahi kuushona, bila hata mlio.

"Rudia," Mwalimu akasema.

Akarudia.

"Rudia tena. Polepole."

Akarudia tena. Birika ilikuwa inachemka, mfuniko unagonga, na hakuna aliyeitazama. Shemeji akaeleza koti, mkono uliopotea njia, pamba ya bega, pasi. Nikasema nilikuwepo, nilisikia pasi ikigonga. Sauti yangu ilikuwa ya msichana aliyeitwa ofisini.

Mwalimu akazima jiko. Akavuta kiti, akakaa, akafunika uso kwa viganja, na mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia, na labda alikuwa analia, lakini alipoondoa mikono uso ulikuwa wa yule yule mkuu wa shule.

"Unajua nilichokuwa nafanya usiku? Nilikuwa nataja majina ya wanafunzi wangu, darasa kwa darasa, nione wangapi wamepotea."

"Nisamehe, Mwalimu. Niliogopa."

"Kwamba pete ilikuwa kwenye bega na hukujua, huenda ni kweli. Huenda si kweli. Kuhusu wewe, Fundi, sijui. Kuhusu mimi nimejua." Akaelekeza mlango kwa kidole. "Tokeni. Ninataka kufungua maboksi yangu."

Hakuficha, na hatukumtegemea afiche. Alipaswa kumweleza binti yake kwa nini hahami, na binti akaeleza wengine, na Kinyozi akalipata akalipigia tarumbeta. "Kwa hiyo alikuwa nayo!" Ndivyo Dada alivyotabiri, neno kwa neno. Habari za pamba ya bega zilikuwa ndefu mno, watu walichukua ile fupi. Tuliobakiwa nao ni wale wasiopata fundi mwingine wa makoti, nao walikuwa wanaacha pete nyumbani na mikoba kwangu. Cherehani ya pili tuliifunika kwa shuka.

Shemeji aliacha kifungo. Alianza tabia mpya ambayo sikuipenda: mteja akienda nyuma ya pazia, yeye anaweka mikono mezani, viganja juu, anakaa hivyo mpaka mtu atoke. Na kwa sababu hakuna anayecheka, mabega ya watu yanabaki juu, na makoti yakaanza kurudi. Linapanda shingoni, Fundi. Linanibana, Fundi. Anafumua, anashona upya. Dada alimsemesha tena baada ya muda, mambo ya chumvi na maji. Jioni anachambua mchele, naye Shemeji anakaa mbele yake, mikono imetulia magotini.

Mvua zilipoanza, Mwalimu akaingia. Alikuwa na koti la kiume mkononi, la marehemu mumewe, anataka lipunguzwe limtoshe yeye. Nilificha mikono nyuma. Upande wa pili wa ukuta mkasi wa Kinyozi ukanyamaza.

Shemeji alisimama. "Mwalimu, shemeji yangu atakupima. Ni bora."

"Nimekuja kwa fundi," Mwalimu akasema. Akatandaza koti, akalifunua ndani, akagusa bitana begani. Ilikuwa imechakaa, imeachia. Akaitazama muda kidogo, kisha akavua pete.

"Itapotelea humu tena. Nishikie."

Shemeji hakunyoosha mkono. Mwalimu akauchukua yeye mwenyewe, akaufungua, akaiweka pete katikati ya kiganja. Akataka kumfumba vidole, kimoja kimoja, lakini Shemeji hakukubali kufumba. Alibaki amenyoosha mkono mbele yake, kiganja wazi, pete juu yake, na machozi yanamtoka bila hata kuyafuta, maana mkono wa pili nao alikuwa ameufungua.

Kwa hiyo fundi hakuwa na mikono, ikabidi nipime mimi. Nilimvalisha Mwalimu koti la mumewe, nikachukua pini, nikataka kumwambia ashushe mabega kama ninavyowaambia wote siku hizi. Niliposhika bega lake kubana pini ya kwanza, lilikuwa limeshashuka.